Taa Inayomfichua Mvuvi

Usiku wa mwezi mpevu, taa za wavuvi hutoweka katika Ziwa Tanganyika mbele ya Kizuka, mwambao wa Rumonge nchini Burundi. Mgeni atauliza kuna nini. Mwenyeji haulizi: mwezi ukiangaza ziwa zima, taa ya mtumbwi haina tena nguvu ya kuwakusanya dagaa.

Giza likirudi, taa nazo hurudi. Vijidudu vya majini husogelea mwanga, dagaa huvifuata, na mgebuka, ambaye Warundi humwita mukeke, huwafuata dagaa. Mvuvi haoni kilicho chini. Anausoma uso wa maji: unavyochezacheza ukingoni mwa mwanga, mmeto mweupe unaopita na kupotea. Wavu uvutwe sasa au angoje? Ukivutwa mapema, unaleta maji.

Mvuvi mzoefu wa mwambao huu hakawii kukufikisha kwenye jambo linalomkera: taa ile ile inayoita samaki inawaita na wavuvi wenzake. Akikaa mahali pamoja muda mrefu, walio mbali wanahisi amepata. Akihama, wanajua amekosa. Hawezi kuwaita dagaa peke yao. Na siri ikishatoka hairudi. Aliyeiona anajua, mwenye siri naye bado anajua, ila samaki ni wale wale, na sasa wanagawanywa.

Siri hiyo ni taarifa, na taarifa hupimika. Mwaka 1948, Mmarekani Claude Shannon aliipima kwa shaka inayoiondoa. Kwa kipimo hicho, kumwambia mvuvi wakati wa mbalamwezi kwamba hakuna dagaa ni kutomwambia kitu. Kumwambia hivyo usiku wa giza, kabla hajanunua mafuta, ni kumwokolea fedha.

Liko pia tope la chini ya Tanganyika, ambalo nalo limehifadhi habari. Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kile walichokisoma humo na katika vipimo vya maji na hewa: maji ya juu yamepata joto, upepo umepungua, virutubisho vya chini havipandi kama zamani. Walikadiria kuwa ukuaji wa mimea midogo ya majini umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki kwa takriban 30.

Nani aliambiwa? Mvuvi anayeona wavu ukipungua uzito humlaumu jirani yake mwenye taa kali zaidi. Huenda ana haki, huenda hana. Wenye vipimo vya ziwa hili wavilete mwaloni, kwa Kirundi na Kiswahili, asubuhi dagaa wanapoanikwa mchangani na wavuvi wote wapo.