Popo wa Kitaka: Kuua Hakukuleta Salama

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuwa popo ni kiumbe wa nuksi. Akionekana darini, ufagio huinuliwa. Akijaa katika shimo la mgodi lililoachwa, watu huwaza kumchoma moto. Kabla ya kufika huko, inatupasa tuyazingatie yaliyowapata jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 2007, wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi hiyo, waliugua homa ya Marburg, na mmoja wao akafariki. Ndani ya mgodi waliishi makumi ya maelfu ya popo wala matunda, na uchunguzi ulithibitisha kuwa walibeba virusi hivyo. Mgodi ukafungwa. Baadaye wachimbaji waliazimia kuwamaliza popo: wakatanda nyavu za kuvulia samaki kwenye milango, kisha wakaiziba kwa miti na plastiki.

Je, salama ilipatikana? Mwaka 2012 Marburg ilizuka katika mji wa Ibanda, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mgodini. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wachache wamekwisha kuhamia tena, na kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa kikubwa kuliko cha wale waliouawa.

Nasi wa Tanzania hatuwezi kuyaona haya kuwa ya mbali, kwani mwaka 2023 Marburg iliua watu 6 mkoani Kagera.

Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure. Popo wala matunda husambaza mbegu na kuchavusha maua ya miti kama mbuyu. Popo wala wadudu hupunguza wadudu waharibifu mashambani. Hata hivyo, kumwacha popo aishi si kumkaribisha mezani. Tuwakataze watoto wetu kuingia mapangoni na katika migodi iliyoachwa, wasiguse popo, wala wasile tunda lililong'atwa. Palipo na shimo la hatari, nondo za chuma zilizopangwa kwa nafasi ya kutosha humzuia mtu na kumwachia popo njia yake. Mbinu hii hutumika Marekani na Ulaya.

Tumekabidhiwa ardhi hii kuwa amana. Kitaka imetuonyesha kwamba kuihifadhi amana hiyo ni kuzihifadhi pia nafsi zetu na za watoto wetu.