Miswada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu: Utenzi na Sura ya Ukurasa

Kusini ya Ziwa Rukwa, katika Wilaya ya Momba, pana mahali paitwapo Ivuna, ambapo watu wa zamani walichuja udongo wa magadi, wakachemsha maji yake, wakapata chumvi. Mwaka 1968 Brian Fagan na John Yellen walichapisha habari za uchimbaji wao mahali hapo, wakaonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwako tangu yapata karne ya 13. Mimi ni mwenyeji wa huko, na jambo moja katika habari hiyo limenikaa moyoni miaka mingi. Chumvi yenyewe haikuonekana, maana ililiwa au iliuzwa zamani. Vilivyobaki ni vigae vya vyungu, na katika vigae hivyo, yaani katika umbo lake na mistari iliyochorwa shingoni mwake, wachunguzi walisoma mengi juu ya watu wale.

Nimeanza na vigae kwa sababu sisi wachunguzi wa tenzi za Kiswahili tumetenda kinyume. Tumechukua chumvi, yaani maneno, tukakiacha chungu. Tunapochapisha utenzi wa kale twaeleza msamiati, mizani, vina na historia yake. Lakini ukurasa ulioandikwa kwa mkono, ambao ndio uliotuletea maneno hayo, twautaja kwa mstari mmoja wa dibaji, kisha basi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba ukurasa huo ni sehemu ya ushairi wenyewe, na nitachukua mfano wa mtu mmoja ambaye kazi yake yadhihirisha jambo hili kuliko wengi.

Mtu huyo ni Muhamadi bin Abubakari, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kijuma. Alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, akafa mwaka 1945. Alikuwa mshairi, utendi wa Liongo Fumo wa mwaka 1913, ambao wanafunzi wetu wengi wausoma bila kujua umetoka wapi, wahesabiwa kuwa kazi yake. Alikuwa pia mwandishi wa khati aliyenakili tungo za wengine, fundi wa nakshi za mbao aliyechonga milango, na mpigaji wa muziki. Kwa mazoea yetu ya leo twagawanya kazi hizi: mshairi huyu hapa, fundi yule kule. Huko Lamu haikuwa hivyo. Mkono uliochonga mlango ndio ulioshika kalamu, na jicho lililopima nafasi za nakshi katika mbao ndilo lililopima nafasi za maneno katika karatasi.

Hebu tutazame ukurasa wa utendi ulioandikwa kwa desturi ya pwani. Kila ubeti wa utendi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vyalingana kwa kina, na cha nne chachukua kina kingine, ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo wa utendi hata tamati. Kanuni hii yajulikana na kila mwanafunzi. Lisilojulikana sana ni kwamba katika miswada mingi ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, na baina ya kipande na kipande mwandishi huweka alama ndogo, mara nyingi ya nukta au ya pambo.

Matokeo ya mpango huo ni makubwa. Kwa kuwa vipande vina mizani sawa, alama zile hufuatana kutoka juu hata chini ya ukurasa, nao ukurasa hugawanyika kama safu za nguzo. Na kwa kuwa kina cha mwisho ni kimoja daima, ukingo wa kushoto hujaa herufi ile ile, mstari chini ya mstari. Basi msomaji huiona kanuni ya utendi kabla ya kusoma hata neno moja. Kina ambacho sikio hukingoja, jicho limekwisha kukiona. Tena kipande kikizidi au kikipungua, safu hupinda, na kosa hudhihirika. Kwa hiyo pambo hilo ni kipimo pia.

Tulipoanza kuchapa tenzi kwa herufi za Kirumi tulichukua desturi ya kuweka vipande vinne kimoja chini ya kingine. Sisemi kuwa desturi hii ni mbaya; yamfaa msomaji asiyezoea. Lakini sharti tujue imebadili nini. Kina cha mwisho sasa chatokea kila baada ya mistari mitatu mingine, na safu yake imevunjika. Ubeti, ambao mtungaji aliuona kuwa mstari mmoja wenye viungo vinne, sasa waonekana kuwa mistari minne mifupi, na mwanafunzi huuita hivyo, kisha hushangaa mbona maana haimaliziki katika kila mstari. Hapa kosa si la mwanafunzi, bali ni la ukurasa tuliompa.

Jambo la pili ni hati yenyewe. Twajua kwamba hati ya Kiarabu, kama ilivyotumiwa zamani kwa Kiswahili, ina alama tatu tu za irabu. E na i huandikwa kwa alama moja, na vivyo hivyo o na u. Tena herufi ya b mara nyingi husimama badala ya b, p na mb. Hivyo maneno bata, pata na mbata huweza kuandikwa sawasawa. Wageni wengi waliliona jambo hili kuwa upungufu tu, na kwa mwenye kutafuta habari za duka au za baraza ni upungufu kweli. Lakini katika ushairi msomaji hakuachwa peke yake. Alikuwa na mizani, alikuwa na vina, alikuwa na safu za ukurasa, na zaidi ya hayo alikuwa na sauti ya aliyemfundisha kuughani utendi. Mswada haukukusudiwa kumwambia yote; ulikusudiwa kumkumbusha. Ndiyo maana mtu ajuaye hati tu, lakini hajui utenzi, hukwama. Na yule ajuaye utenzi hupita bila shida.

Hapa neno la zamani latusaidia. Katika lugha ya tenzi kitabu huitwa chuo, kama katika Chuo cha Tambuka, utenzi ambao husemwa ulitungwa Pate mwaka 1728. Leo chuo ni mahali pa kufundishia. Neno limehama kutoka kitu hata mahali, na njia ya kuhama si ngumu kuiona: kitabu na mafundisho yake havikutengana. Aliyefungua chuo alikuwa chuoni.

Sasa yafaa tujibu shaka moja. Sehemu kubwa ya miswada ya Kijuma tuliyo nayo iliandikwa kwa ajili ya wageni. Alimwandikia Alice Werner na William Hichens wa Uingereza, na Ernst Dammann wa Ujerumani, aliyekuwa Lamu mwaka 1936. Kutokana na kazi ya mkono wake na ya waandishi wengine kulipatikana chapa mashuhuri: utendi wa Mwana Kupona uliotolewa na Werner na Hichens mwaka 1934, Al-Inkishafi ya Hichens mwaka 1939, na mkusanyo wa Dammann wa tungo za Kiamu mwaka 1940. Mtu aweza kuuliza: je, mapambo na khati nzuri ya miswada hiyo si biashara tu, iliyofanywa ili kuwapendeza wanunuzi?

Malipo yalikuwako, wala si aibu. Mchonga milango naye hulipwa, na hakuna asemaye kuwa mlango wake si wa Lamu. Alichofanya Kijuma ni kuchukua adabu ya kunakili aliyoirithi na kuitumia kwa wasomaji wapya. Adabu hiyo ilikuwa na mizizi mirefu katika visiwa vile. Misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliyopambwa kwa wino wa rangi katika karne za 18 na 19, yatosha kuwa ushahidi. Lakini shaka hiyo ina ukweli wake pia. Mswada ulioandikwa kwa ombi la mtaalamu huenda ukawa safi kuliko ule ulioghaniwa nyumbani hata kurasa zake zikachakaa. Atakayesema juu ya miswada ya Waswahili kwa kutazama ya Kijuma peke yake atakosea, kama atakayesema juu ya vyungu vyote kwa kutazama chungu cha harusi.

Tena kazi hizo nyingi ziko mbali nasi, katika maktaba za London na Ujerumani. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kikubwa cha maandishi ya Kijuma kutoka karatasi za Dammann na hazina nyingine, na kwa kazi hiyo tuna deni kwao. Wala sisi hatukukosa akiba: hapa Dar es Salaam ipo miswada iliyokusanywa katika miaka ya 1960, ambayo J. W. T. Allen aliiorodhesha katika kitabu cha mwaka 1970. Upungufu wetu ni wasomaji. Wanafunzi wengi wa Kiswahili bara, na siku hizi hata pwani, humaliza masomo yao pasipo kuweza kusoma mstari mmoja wa hati ambayo lugha yao iliandikwa kwa karne kadhaa. Mimi mwenyewe niliisoma ng'ambo, nikiwa mtu mzima, na sioni fahari kulisema.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kila utenzi wa kale utakaochapishwa uwe na picha ya kurasa zake kadhaa, nazo zielezwe kama tunavyoeleza msamiati. Pili, mhariri aseme wazi ubeti ulipangwaje katika mswada na yeye ameupangaje. Tatu, hati hiyo ifundishwe kwa kila atakaye kuwa mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili, awe mzaliwa wa Lamu au wa Ivuna.

Waliopika chumvi kwetu hawakufikiri kwamba vyungu vyao ndivyo vitakavyowasemea. Kijuma alijua zaidi. Alikipamba chungu kwa makusudi, akakitia chumvi, akakipeleka mbali. Imebaki kwetu kuvipokea vyote viwili.