Kuutafuta Ukoo: Habari za Mpakani Tunduma

Mtu akiulizwa, "U mtoto wa nani?" hulitaja jina la babaye bila kusita. Akiulizwa jina la baba wa babu yake, wengi wetu hunyamaza. Leo twataka kueleza jinsi ya kuutafuta ukoo, na kwa nini mtafutaji hukuta mambo asiyoyatazamia. Mfano wetu ni nchi ya Wanyamwanga, kando ya Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliowekwa mwaka 2016.

Jambo la kwanza ni majina. Kwa desturi ya Wanyamwanga, mwanamume wa ukoo huitwa kwa Si-, na mwanamke wa ukoo ule ule kwa Na-. Ndugu wa kiume ni Simwinga, umbu lake ni Namwinga. Mmoja Sinyangwe, wa pili Nanyangwe. Mgeni asomaye daftari la ubatizo hudhani kuwa hao ni watu wawili wasiohusiana, kumbe wamelala tumbo moja.

Jambo la pili ni mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana huko Berlin kugawana nchi, na mwaka 1898 wajumbe wao walikuja kuupima mstari baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mstari huo uliwakata Wanyamwanga sehemu mbili. Leo upande mmoja ni Tunduma ya Tanzania, wa pili ni Nakonde ya Zambia. Ndiyo maana habari za nyumba moja huenda zikawa katika vitabu vya misioni ya Mbozi, iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1899, na nyingine katika misioni ya Mwenzo ya Waskoti, ng'ambo ya mpaka.

Tuseme kijana wa Tunduma, wa ukoo wa Simwinga, ataka kumposa binti wa Nakonde. Jina la babaye binti ni geni kabisa. Wazee wauliza, "Na bibi yake mzaa baba ni nani?" Yajibiwa, "Namwinga." Hapo mambo husimama, kwa maana yamkini bibi yule ni umbu la babu wa kijana, aliyeolewa ng'ambo. Basi wazee waulizapo, si udaku; wanalinda nyumba mbili zisiingie aibu.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Katika karne ya 19 vita na biashara ya watumwa vilichukua watu wengi wa nchi hizi. Bibi Elise Kootz-Kretschmer, wa misioni ya Wamoravian, aliandika masimulizi ya waliotekwa, miongoni mwao mwanamke aitwaye Narwimba. Hivyo mtafutaji aweza kugundua kwamba bibi yake mkuu aliletwa mateka, akapokewa, akazaa, na watoto wake wakapewa jina la ukoo. Wengine hulishika neno hilo ili kumnyima ndugu shamba. Twasema, si haki. Aliyelelewa akapewa jina ni mtoto wa nyumba. Na fedheha ni ya aliyeteka, si ya aliyetekwa.

Wapaswa kuanzaje? Chukua daftari, andika jina lako, kisha wazazi wako, kisha wazazi wao. Mwendee mzee kwa adabu, umwulize shangazi vilevile, maana wanawake hukumbuka walioolewa mbali. Waulize mbalimbali, ndipo ulinganishe. Asiyejua mwaka, mwulize kama mtoto alizaliwa kabla ya vita vya 1914 hadi 1918, au wakati wa homa kuu ya 1918, au reli ya Tazara ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975. Katika vitabu vya zamani angalia r na l, kwa sababu mwandishi mgeni aliandika kama alivyosikia.

Wala usikawie. Daftari lililofungwa kabatini litakungoja, mzee hatakungoja.