Mafunzo ya wauguzi tabibu katika saratani za damu

Mafunzo ya wauguzi tabibu katika saratani za damu ni elimu ya nyongeza inayotolewa nchini Marekani kwa wauguzi tabibu wanaoanza kuhudumia wagonjwa wa lukemia, limfoma na mieloma. Muuguzi tabibu ni muuguzi mwenye shahada ya uzamili au uzamivu anayeruhusiwa kupima wagonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Mipaka ya kazi yake hutegemea sheria za kila jimbo.

Chanzo

Programu ya kwanza ya wauguzi tabibu ilianzishwa na Loretta Ford na Henry Silver katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, kwa ajili ya afya ya watoto. Hadi leo masomo hayo hupangwa kufuata kundi linalohudumiwa, kama vile familia, watoto au watu wazima, si kufuata ugonjwa. Hivyo mhitimu anaweza kupata leseni bila kuwahi kufanya kazi katika wodi ya saratani za damu. Pengo hilo huzibwa baada ya kuajiriwa, kwa kusimamiwa na wazoefu, kwa kozi fupi, au kwa programu maalumu katika baadhi ya hospitali kubwa.

Yanayofundishwa

Somo la msingi ni kusoma hesabu ya seli za damu na kutoa sampuli ya uboho kutoka mfupa wa nyonga.

Somo lingine ni dharura. Homa ya nyuzi 38.3 kwa mgonjwa mwenye neutrofili chini ya 500 katika kila mikrolita ya damu inaweza kumuua kwa muda mfupi. Kwa kuwa seli za kupambana na vijidudu ni chache, usaha na uvimbe huenda visionekane, na homa ikawa dalili pekee. Miongozo ya tiba inataka antibiotiki ianze kutolewa ndani ya saa moja.

Usalama wa dawa husisitizwa pia. Vinkristini hudungwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa kawaida huua.

Tiba mpya huongeza mahitaji ya mafunzo. Tiba ya seli za CAR-T, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, inaweza kusababisha homa kali, kushuka kwa shinikizo la damu na kuchanganyikiwa.

Vyeti

Chama cha Oncology Nursing Society, kilichoanzishwa mwaka 1975, hutoa kozi za uuguzi wa saratani. Wauguzi tabibu wenye uzoefu wanaweza kufanya mtihani wa cheti cha AOCNP. Cheti hicho huthibitisha ujuzi wa saratani kwa jumla, wala hakichukui nafasi ya leseni.