Kutafuta Duka kwa Jina Lake Katika Simu

Jamaa zetu wa kijijini walituletea stakabadhi kuukuu. Mashine yao ya kusaga waliinunua Temeke, na sasa beringi na mkanda vimekwisha. Stakabadhi imefutika, kilichosomeka ni jina la duka tu. Hatulitaji hapa, tuseme liliitwa Upendo. Sisi tunakaa Mbagala, basi wakatuambia, "Nyie ndio mko Dar, mtafuteni huyo bwana." Hela za kikundi tulikuwa nazo tayari kwenye simu.

Tukafungua Google, tukaandika "Upendo". Loo! Zikaja kwaya, shule za watoto, vikundi vya akina mama, na maduka ya Mwanza mpaka Nairobi.

Kwa nini? Google, iliyoanza mwaka 1998, haitoki kwenda mitaani kuuliza watu. Husoma kurasa za intaneti mapema na kuyapanga maneno yake katika orodha, kama ile iliyo mwisho wa kitabu inayoonyesha neno fulani liko ukurasa gani. Ukiuliza, inatazama orodha hiyo. Duka ambalo halijaandikwa popote haiwezi kulionyesha, hata kama liko nyuma ya nyumba yako. Na huku kwetu maduka ya namna hiyo ni mengi: jina limepakwa rangi ukutani, basi, limeishia hapo.

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Ongeza kitu kinachouzwa na mahali: "Upendo spea mashine ya kusaga Temeke". Usipopata, badili maneno. Wewe unasema vipuri, mwenye duka kaandika spea. Wewe unaandika Hadija, yeye kaandika Khadija.

Mahali nako pana mambo yake. Mwaka 2010 Dar es Salaam ilikuwa na wilaya tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Kwa hiyo ukurasa wa zamani unaweza kusema duka liko Temeke, kumbe siku hizi ni Kigamboni. Tena usiandike "Mbezi" tu. Mbezi Beach iko Kinondoni, karibu na bahari. Mbezi Luis iko Ubungo, kwenye kituo kikubwa cha mabasi ya mikoani. Ukikosea hapo utalipa nauli mara mbili.

Sisi tulipoongeza maneno tukapata Upendo moja, upande wa Tandika, ikiwa na alama kwenye ramani na namba ya simu. Tukapiga. Bwana mmoja akajibu upesi kweli: vitu vipo, tumeni hela sasa hivi, kesho bei inapanda. Tukaanza kutuma. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ikatuonyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa la mtu tofauti kabisa na yule aliyejitambulisha kwetu. Tukaacha.

Kumbe katika ramani ya Google mtu yeyote anaweza kupendekeza kwamba namba ya duka ibadilishwe. Na majibu yanayotangulia juu mara nyingine yamelipiwa kama tangazo. Hapo pana neno dogo la kuonyesha hivyo, ambalo wengi hatulisomi.

Ikabidi tutazame daftari la Serikali. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, una mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2018. Anwani yake ni ors.brela.go.tz. Angalia hiyo "go.tz" mwishoni, maana hutolewa kwa ofisi za Serikali tu. Humo unaweza kutafuta jina la biashara au kampuni, uone kama limesajiliwa. Lakini kusajiliwa hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Wala kukosekana humo hakumaanishi kwamba ni mwizi.

Upendo yetu hatukuiona humo. Basi tukapanda daladala mpaka Tandika, tukauliza mafundi wa mashine. Kijana mmoja akatupeleka mlangoni. Mwenye duka alituambia kwamba Upendo ni jina la ukutani tu. Kwenye usajili ameandika jina jingine. Tulipomwonyesha ile namba ya kwenye ramani alishika kichwa. Si yake, na wateja wawili walikuwa wameshamlalamikia kwamba walituma hela wasipate mzigo. Tukaipeleka namba hiyo 15040, ambako taarifa za utapeli wa simu hupokelewa.

Namba yake ya kweli aliiandika kwa kalamu nyuma ya ile stakabadhi. Beringi tulipata siku ileile. Mkanda wa ukubwa ule haukuwepo, tumeambiwa turudi Jumatatu.