Moto wa Makaa ya Mawe na Bahari ya Lamu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za moto. Kila mmoja wetu amepata kuona sufuria ikichemka na kifuniko chake kikitukutika. Kinachokisukuma ni mvuke. Mtambo wa umeme utumiao makaa ya mawe hauna siri kubwa kuliko hiyo. Makaa husagwa yakawa unga, huchomwa katika tanuru lililo refu kama jumba la ghorofa nyingi, na maji yaliyomo mabombani hugeuka mvuke. Mvuke huo huzungusha gurudumu lenye mapanga mengi, nalo huzungusha mashine itoayo umeme.

Makaa hayo si kama haya yetu ya kupikia. Ni mimea ya zamani sana, iliyofunikwa na matope kwa mamilioni ya miaka hata ikawa jiwe jeusi.

Wanafunzi huniuliza, “Mwalimu, makaa yakiisha kuungua huenda wapi?” Swali zuri sana, kwa maana watu wazima wengi hudhani yamekwisha. Hayakwisha, yamegeuka. Kaboni iliyomo huungana na oksijeni, ikawa hewa ya ukaa. Kilo 1 ya kaboni hutoa zaidi ya kilo 3 na nusu za hewa hiyo. Msidhani nimekosea hesabu: uzito uliozidi umetoka katika oksijeni. Hewa hiyo haionekani wala hainuki, lakini hukaa juu miaka mingi, ikizuia joto la dunia lisitoke, mfano wa blanketi. Salfa nayo hutoka kama moshi mkali uwashao koo na kifua. Tena makaa yana zebaki kidogo. Hiyo hupanda na moshi, huanguka majini, huingia katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa wawalao wadogo, na mwisho huja mezani petu. Yabakiayo ni majivu, malundo kwa malundo, ambayo yasipohifadhiwa vema hupeperushwa na upepo au huoshwa na mvua hata visimani.

Liko na jambo la maji. Katika joto lote la tanuru, kama theluthi moja tu huwa umeme. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hauna budi kupozwa, ndiyo sababu mitambo hiyo hupenda kukaa kando ya mto au bahari. Maji yakirudishwa baharini yakiwa na joto, matumbawe na mayai ya samaki hupata taabu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya Lamu. Huko Kwasasi, upande wa bara, palikusudiwa kujengwa mtambo wa megawati 1,050, na makaa ya kwanza yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Waliotaka mtambo huo hawakukosa hoja, maana zahanati isiyo na taa usiku ni msiba, nami nimesahihisha madaftari mengi kwa kibatari. Lakini wavuvi wa Lamu hawana shamba jingine ila bahari ile, yenye mikoko ambamo kamba na samaki hukulia. Na mji wenyewe wa kale uliandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia.

Kibali kilitolewa mwaka 2016. Wenyeji walishitaki, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya likakifuta. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushauriwa kama sheria itakavyo: walikuwa wameitwa mikutanoni kabla ya uchunguzi wa madhara kumalizika, na uchunguzi ulipokwisha hawakuelezwa ulivyoona. Baraza likasema kwamba wenye mtambo wakitaka kuendelea, sharti wafanye uchunguzi mwingine tangu mwanzo. Kampuni ilikata rufani, na mwezi wa Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupilia mbali.