Peke Yake Jangwani kwa Pikipiki: Mafunzo kwa Waendao Kaskazini

Barabara kuu ipitayo katika mji wa Kakamega haiishii Webuye, wala haiishii Kitale. Wengi wetu tunaijua kama njia ya kwendea sokoni, shuleni na kazini, lakini barabara hiyo hiyo, yenye alama ya A1, hupanda hadi Kapenguria, ikateremka Marich, ikapita Kainuk na Lokichar, na kufika Lodwar katika nchi ya ukame. Kwa hiyo mtu wa Kakamega mwenye pikipiki hana haja ya kuvuka bahari ili aone jangwa. Akiishika njia yake ya kila siku na kuifuata kuelekea kaskazini bila kuiacha, litamfikia.

Wako watu wetu wengi, walimu, makarani na wafanya biashara, ambao kazi zao ziko Turkana. Baadhi yao, wakitaka kuepuka nauli, huazimia kwenda kwa pikipiki, tena peke yao. Jambo hilo lawezekana, na limekwisha kufanywa katika majangwa makali kuliko hilo. Lakini yafaa tujue jinsi waliofaulu walivyofaulu, kwa maana jangwa halimwonyi mtu mara mbili.

SAFARI YA TED SIMON

Mfano ulio mashuhuri ni wa Ted Simon, mwandishi wa habari aliyekulia Uingereza. Tarehe 6 Oktoba 1973 aliondoka London kwa pikipiki aina ya Triumph yenye nguvu ya sisi 500, akikusudia kuizunguka dunia. Siku hiyo hiyo vita vilizuka baina ya Misri na Israeli, naye njia yake ilikuwa ya kupita Misri. Alikuwa na umri wa miaka 42, na hakuwa mwendeshaji hodari, kwa kuwa alijifunza kuendesha pikipiki muda mfupi tu kabla ya safari.

Alipita Tunisia na Libya akafika Misri. Kutoka Aswan alisafiri kwa boti ziwani hadi Wadi Halfa katika Sudan, kisha akaipakia pikipiki yake katika gari moshi hadi Atbara. Hakuona aibu kufanya hivyo. Njia ambayo reli ilimfaa zaidi, aliipita kwa reli. Baada ya Atbara ndipo alipoanza kuendesha mwenyewe jangwani kuelekea Kassala, mahali ambapo hapakuwa na barabara ya kweli, ila alama za magurudumu ya malori mchangani. Alianguka, akainua pikipiki, akaanguka tena. Akifika kijijini, wenyeji walimpa chai, chakula na mahali pa kulala, ingawa walikuwa na vitu vichache. Ukarimu huo wa Wasudani aliusifu sana baadaye katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1979.

Kutoka Sudan aliingia Ethiopia, na kutoka Ethiopia akaingia Kenya kwa njia ya Moyale. Siku zile njia ya Moyale, Marsabit na Isiolo, yapata kilomita 500, ilikuwa ya mawe na vumbi, na katika uwanda wa Dida Galgalu mawe meusi ya volkano yametapakaa hadi upeo wa macho. Kufikia mwaka 2017 njia hiyo yote ilikuwa imetiwa lami, lakini yeye aliipita ilivyokuwa. Alifika Nairobi, akaendelea kusini hadi Afrika Kusini, kisha Amerika, Australia na Asia. Alirudi nyumbani mwaka 1977, amekwenda yapata kilomita 100,000.

Wala hakuwa wa kwanza kuingia jangwani kwa chombo cha namna hiyo. Katika miaka ya 1934 na 1935 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walisafiri kutoka London hadi Cape Town kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha ubavuni, wakavuka Sahara. Injini yao iliharibika jangwani kabla ya kufika Agadez, na ilibidi itengenezwe upya huko. Walikuwa wawili, mtu aliye peke yake apatapo msiba wa namna hiyo hana wa kumsaidia kusukuma, wala wa kubaki na chombo huku mwenzake akitafuta maji.

NCHI INAVYOBADILIKA

Kakamega iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na kwa mwaka hupata mvua karibu milimita 2,000. Lodwar iko chini, yapata mita 500, na mvua yake ni kama milimita 200 tu, tena haina ratiba. Joto la mchana huko hufika nyuzi 35 na zaidi karibu mwaka mzima. Mtu atokaye katika baridi ya asubuhi ya Kitale aweza kuwa katika joto hilo kabla ya jua kutua, na mwili wake haujapata nafasi ya kulizoea.

Hapa ndipo mwendesha pikipiki anapodanganyika. Upepo hukausha jasho lake mara litokapo, hata adhani kwamba hatoki jasho. Kwa kuona joto huvua koti, na hewa ya moto humkausha upesi zaidi. Yampasa avae nguo nyepesi za mikono mirefu, anywe maji kidogo kidogo hata kama hana kiu, na asitegemee chini ya lita tano kwa siku moja. Akifanya kazi ya kusukuma mchangani, hata hizo hazitoshi. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikaanza, au mkojo ukawa mzito na wa rangi ya kahawia, asimame kivulini mara moja. Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa kwa joto hawezi tena kujiamulia, na akiwa peke yake hakuna wa kumwamulia.

CHOMBO NA MZIGO

Pikipiki nzito si msaada katika mchanga. Iliyo nyepesi, ambayo mtu mmoja aweza kuiinua bila kusaidiwa, ndiyo ifaayo. Mzigo ufungwe chini na karibu na katikati, kwa maana mzigo ulio juu nyuma huifanya gurudumu la mbele kuyumba. Katika mchanga mwingi upepo wa tairi hupunguzwa ili tairi litandae. Njia ikiwa ngumu tena, hujazwa kwa pampu, la sivyo mawe yatalikata. Kwa hiyo pampu ni chombo cha lazima, pamoja na tyubu ya akiba, viraka, spana, plagi na kiungo cha cheni.

Kila jioni kichungi cha hewa kisafishwe, kwa kuwa vumbi likiingia katika injini huisaga kama msasa. Spoki ziguswe moja moja ili iliyolegea ikazwe. Petroli nayo huliwa zaidi mchangani kuliko penye lami, basi mtu asipime safari yake kwa hesabu ya Kakamega na Mumias.

Mwendo uwe wa alfajiri na wa alasiri; saa za jua kali ni za kupumzika. Usiku usisafiri kabisa. Na ajihadhari na makorongo makavu, ambayo huko huitwa laga. Mvua ikinyesha milimani mbali, maji huteremka ghafula katika korongo ambalo juu yake mbingu ni nyeupe. Asilale humo, wala asijaribu kuvuka yakishuka. Maji hayo mara nyingi hupungua baada ya saa chache, na pikipiki iliyochukuliwa hairudi.

PEKE YAKE, SI BILA WATU

Waendao kaskazini wanajua pia kwamba baina ya Kainuk na Lokichar wasafiri wamewahi kushambuliwa kwa silaha. Habari ya njia hubadilika wiki kwa wiki, na ramani haiwezi kuieleza. Waijuao ni polisi, madereva wa malori na wenye maduka ya njiani. Kuuliza si ujinga. Wakisema usubiri, subiri. Na ikiwa pikipiki yako yaweza kupakiwa katika lori hadi mbele, ipakie, kama Simon alivyoipakia yake katika gari moshi.

Kabla ya kuondoka, mweleze mtu mmoja nyumbani utalala wapi na utafika lini, na umpigie simu kila palipo na mtandao, kwa maana haupatikani kila mahali. Chombo kikiharibika, usikiache ukaenda kwa miguu kutafuta msaada usioujua uliko. Keti kivulini, hata kama ni kivuli cha pikipiki na shuka. Chombo kando ya njia huonekana upesi kuliko mtu atembeaye porini. Ukifika penye kisima, kumbuka kwamba maji hayo ni uhai wa mifugo ya wenyewe. Salimu kwanza, omba, kisha uteke.

Waliofaulu jangwani walikuwa watu waliojua kusimama, kungoja, kuuliza na kupokea msaada kwa adabu, ingawa pikipiki zao hazikuwa na nguvu kuliko zote. Kijana mwenye haraka huona mambo hayo kuwa ni kupoteza wakati. Lakini pikipiki nyingi za wilaya zetu zimenunuliwa kwa mkopo, na nyuma ya kila moja iko nyumba inayoitegemea. Mwenda pole hajikwai. Na afikaye Lodwar siku moja baadaye kuliko alivyokusudia amefika.